Kidonge cha Asubuhi

Mwenye bucha alinipigia simu nikiwa naanika nguo. Alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kumvunjia mzee heshima.

"Mama, hebu njoo huku Kayole. Mzee yuko salama, hajaanguka. Lakini njoo uone mwenyewe."

Mume wangu alikuwa mchoraji wa maandishi ya maduka. Kinyozi, gereji, duka la dawa, kanisa la mabati: mtu akitaka jina lake lisomeke toka ng'ambo ya barabara, alimtafuta yeye. Hakutumia rula. Alifunga jicho moja, akavuta pumzi, na brashi ikaenda ulikotakiwa mstari uende. Mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zilipokuja ziliua kazi hiyo, lakini walibaki wachache waliosema plastiki inapauka kwa jua na rangi ya mzee haipauki. Mwenye bucha alikuwa mmoja wao.

Nilimkuta mume wangu amesimama chini ya ngazi, brashi imemkaukia mkononi. Ukutani, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, nzuri kama alizochora akiwa kijana, palikuwa pameandikwa NYAMA SAFI NYAMA NYAMA SAFI NYA. Vijana wa stendi walikuwa wamesimama wakitazama. Walidhani ni mtindo mpya.

"Mama watoto," aliniambia bila kugeuka, "kuna kitu hapa hakijakaa sawa. Nimetazama tangu asubuhi. Sikioni."

Nilisoma ule ukuta mara mbili. Nikamwambia, "Twende nyumbani ule kwanza." Mwenye bucha alininong'oneza kwamba angepaka rangi nyeupe juu yake, nisijali. Niliitikia kwa kichwa.

Tunaishi Kaloleni, katika nyumba ya mawe ya baraza la jiji aliyoachiwa na baba yake, fundi wa reli aliyetoka magharibi. Mimi natoka Murang'a. Tulipooana watu wa pande zote mbili walinung'unika, kisha wakazoea. Nilifundisha chekechea ya kanisa mpaka nilipostaafu, na alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye anaandika herufi kubwa, mimi ninafundisha ndogo. Watoto wetu wako mbali sasa, kila mmoja na shida zake, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili.

Dalili zilikuwepo kabla ya siku ya bucha, lakini nilizitafutia visingizio. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga; nikasema ni uzee. Alipotea upande wa Makongeni akienda kumwona rafiki yake. Nikasema hata mimi ningepotea, kwani nyumba za zamani zilikuwa zinabomolewa na uzio wa mabati umeziba njia. Nilikuwa hodari wa kumtetea. Ule ukuta mwekundu ndio ulionishinda.

Kwenye kliniki ya wazee nesi alimpa karatasi yenye duara.

"Mzee, tufanye hii ni saa ya ukutani. Weka namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Aliipenda kazi hiyo. Aliomba kalamu nzito zaidi. Akachora namba moja mpaka kumi na mbili, kila moja na mkia wake na kivuli chake, akichukua muda, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa midomo kama alivyozoea. Alipomaliza, namba zote kumi na mbili zilikuwa zimesongamana upande wa kulia, zikishuka kama watu kwenye foleni. Upande wa kushoto wa saa ulikuwa mtupu. Mishale hakuiweka.

"Sijawahi kuona namba nzuri hivi," nesi alisema, na alimaanisha. Mume wangu akatabasamu. Kisha nikamwona nesi akiandika sufuri pembeni mwa ukurasa.

Daktari alituambia kuwa ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, demensia, na kwamba bado uko mwanzoni. Alilitamka neno mwanzoni kama habari njema. Alisema hakuna dawa ya kuuponya, ila zipo za kusaidia kidogo kwa muda, na akaongeza kwamba nyuma ya kliniki kulikuwa na watafiti waliokuwa wakijaribu kitu kilichotolewa kwenye mmea, kwa wagonjwa ambao ugonjwa haujawashika sana. Kama tulitaka, tungeweza kuwaona.

Mtafiti alikuwa daktari mwanamke, kijana, aliyekulia mtaa wa Umoja. Alituonyesha picha ya mmea kwenye kompyuta yake, na mimi nikacheka. Majani ya mviringo, madogo, yanayotambaa penye majimaji. Nilikuwa nimeyakanyaga utoto wangu wote nikiteka maji mtoni.

"Hayo ndiyo," alisema. "Kwenye majani kuna kemikali ambayo katika maabara ilionekana kulinda seli za ubongo. Za panya, mama. Kwa binadamu hatujui, ndiyo maana tunajaribu. Tumeikamua, tumeitia kwenye vidonge. Wengine watapewa vidonge vyenye mmea, wengine vidonge vya unga usio na kitu. Vinafanana kabisa. Mzee hatajua amepata kipi, wewe hutajua, na mimi sitajua."

"Sasa daktari," mume wangu alisema, "wewe unajua nini?"

Tulicheka wote watatu. Kisha akauliza, bila kucheka tena, "Na yule aliyepewa unga, akija kumsahau mkewe, mtamwambia nini?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Tutamwambia asante, mzee. Sina kingine cha kumwambia."

Jibu hilo lilimridhisha. Nilitaka tuende nyumbani tufikirie, tuwapigie watoto simu, lakini alinishika mkono. "Ningali na akili ya kukubali," alisema. "Nikingoja sana mtanikubalia ninyi. Niache nikubali mwenyewe." Akaweka sahihi yake, ile yenye mkunjo mrefu chini.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba nami nilikuwa nimepewa kazi. Kila tulipokwenda, baada ya yeye kupimwa damu na kuulizwa maswali, nilichukuliwa chumba kingine nikaulizwa mimi. Je, anavaa mwenyewe? Amewahi kuacha jiko la gesi wazi? Amekasirika bila sababu? Amewahi kukuuliza kitu kilekile mara nyingi kwa siku? Ilinibidi niseme kweli, kwani ndiyo njia ya kujua kama dawa inafanya kazi. Nilisema. Nilisema alivaa shati ndani nje akaenda nalo ibadani. Nilisema alimtukana jirani aliyemletea maziwa. Na wakati wote nilikuwa namwona kupitia kioo cha mlango, ameketi kwenye benchi, kofia magotini, akinitazama midomo.

Tukitoka aliniuliza, "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia uko vizuri."

"Mtu hakai humo ndani muda wote huo kusema mtu yuko vizuri." Tulitembea kidogo. "Umetoa ushahidi."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Tangu siku hiyo, nilipoitwa kile chumba alikuwa anageukia ukuta ili nisimwone uso.

Kidonge kimoja asubuhi, baada ya chai. Kilikuwa cha ganda lenye rangi ya kahawia. Hakukisahau hata siku moja, yeye aliyesahau kama ameoga. Alikiweka kwenye kiganja, akakitazama, akafunga macho yote mawili kabla ya kukimeza, kama mtu anayesali. Sikumuuliza kama alikuwa anasali.

Mvua za vuli zilipoanza niliona mabadiliko. Sijui niseme niliona au nilitaka kuona. Wakati ule sikutofautisha. Alinikumbusha siku ya mazishi ya jirani ambayo mimi nilikuwa nimeisahau. Alimwita mjukuu wetu kwa jina lake kwenye simu, badala ya jina la babake. Jioni moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amegeuza kalenda kuukuu, anachora alfabeti upande wa nyuma kwa penseli, A mpaka Z, kila herufi mahali pake. Nilisimama mlangoni na kapu mkononi mpaka akaniambia niingie, mbu wanaingia.

Kile chumba cha maswali nikaanza kukipenda. Nilikwenda na habari zangu nimezipanga. Daktari alikuwa akiandika huku uso wake hausemi kitu, ila mara moja nilipomweleza habari ya alfabeti aliinua macho, na nikaona ameguswa. Wifi yangu, dada ya mume wangu anayeishi kwao magharibi, nilimpigia simu nikampa nduguye azungumze naye. Walicheka kwa lugha yao kwa muda mrefu. Wifi aliponirudia kwenye simu alikuwa analia. "Kaka yangu amerudi," alisema. Sikumkosoa.

Kisha mume wangu akaanza kukataa chakula. Alisema tumbo limejaa. Alijikuna mikono mpaka ikatoka damu. Asubuhi moja, tukiwa nje juani, nilimkatia kucha, na alipoinua uso kuniuliza kitu nikaona weupe wa macho yake una rangi ya manjano.

Nilijua mara moja. Nilikaa na kikata kucha mkononi nikijadiliana na nafsi yangu kama ni mwanga wa jua. Nilikuwa na wazo moja tu, na nalisema kama lilivyokuwa: nikiwapigia, watamnyang'anya dawa. Nilimaliza kucha za mkono ule, nikapiga simu.

Walimpima damu siku hiyohiyo. Daktari alikuja mwenyewe kutuambia. Ini lilikuwa limeumia. Ilibidi dawa isimame mara moja, na kwa sababu ya usalama walikuwa wamefungua siri ili wamtibu vizuri.

"Alikuwa anapata majani," alisema. "Si unga."

"Kwa hiyo yalikuwa yanamsaidia," nilisema. "Niliona kwa macho yangu. Hata wewe uliona."

"Niliona, mama. Na wapo wengine wengi niliowaona hivyohivyo, sijui nani anameza nini. Ndiyo sababu hatuamini macho yetu."

"Ipunguzeni basi. Apewe nusu."

"Ini likiharibika hatakuwa na kumbukumbu wala uhai." Alikuwa anaongea na mimi, lakini alimgeukia yeye. "Mzee, umenielewa? Hii dawa imekuumiza. Huwezi kuimeza tena."

Mume wangu alimtazama kwa makini. Aliuliza, "Nimefanya kosa gani?"

"Hakuna, mzee. Hakuna hata moja."

Ini lilipona baada ya wiki kadhaa. Macho yakawa meupe, akala. Lakini asubuhi ya kwanza nyumbani, alipomaliza chai, alinyoosha kiganja juu ya meza.

"Dawa yangu."

Nilimweleza. Nilimkumbusha hospitali, daktari, ini. Nilimwona akilichukua neno kwa neno, na mwisho uso ukamwanguka. "Kwa hiyo hakuna kitu tena," alisema. "Nakwenda tu." Alilia, mtu ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mama yake. Nilikaa naye mpaka chai yangu ikapoa.

Kesho yake, chai ilipoisha, kiganja kikanyooka tena juu ya meza. "Dawa yangu."

Nikamweleza tena. Akaipokea habari kama mtu anayeisikia mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Akalia tena. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Siku nyingine hakulia, alinishutumu kuwa nimemwuzia mtu dawa yake, au nimechoka naye nataka afe. Nilijaribu kusema imekwisha, watu wa kliniki watatuletea. Akavaa koti akatoka kwenda kuichukua, nikamkuta karibu na soko amesimama katikati ya mikokoteni, hajui anakwenda wapi, jasho linamtoka. Kila asubuhi nilimwambia mume wangu kwamba hakuna tumaini, na kila asubuhi aliyesikia alikuwa mtu mpya.

Wifi yangu alifika kabla ya Pasaka. Alishuka na gunia, na sikuhitaji kulifungua. Harufu ilinifikia mlangoni, ya matope na majani mabichi, ya mtoni.

"Nimeyachuma mwenyewe," alisema. "Yale ya hospitali walichanganya na kemikali zao, ndiyo maana yalimdhuru. Haya ni ya Mungu."

"Wifi, ni majani yaleyale."

"Nani alikuambia? Walewale waliompa sumu?"

Nilimwambia asiyapike nyumbani mwangu. Aliliweka gunia nje chini ya dirisha, akafagia uwanja, akapika ugali na kuku aliyekuja naye, akamlisha kaka yake kwa mkono. Ni mwanamke mchapakazi, mwenye upendo wa kutenda. Jumapili nilikwenda ibada ya kwanza nikawaacha. Niliporudi, sufuria ilikuwa jikoni inatoa mvuke, na mume wangu ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

Nilimnyang'anya. Maji yale ya kijani yalimwagika mezani na kwenye nguo yangu. Sufuria niliichukua ikiwa ya moto nikaitupa nje, kisha nikaburuta gunia mpaka kwenye mtaro nikalimwaga lote, watu wanatazama, nimevaa nguo za kanisa.

"Unataka kaka yangu awe mtoto mchanga!" wifi alipiga kelele. "Alikuwa amepata nafuu! Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu, mimi nikamshukuru Mungu nikipiga magoti!"

"Nilikuambia. Na ini lake uliliona wewe? Ulimwona akijikuna mpaka damu?"

"Afadhali afe anatujua."

"Basi mwulize yeye," nilisema. Sikujua nitasema hivyo mpaka niliposema.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha nduguye, akamshika magoti, akamweleza kwa lugha yao. Ninaisikia vizuri lugha hiyo baada ya miaka yote hii. Alimwambia kuna dawa ya kurudisha akili lakini huenda ikamuua, na kutoimeza ni kusahau kila kitu pole pole. Alimweleza vizuri kuliko daktari. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgusa dada yake kichwani, kwa adabu, kama mtu anayembariki mtoto wa watu.

"Mama, usilie," alimwambia. "Wenyewe watakuja kukuchukua."

Wifi aliondoka alasiri ileile. Mume wangu alimpungia mkono toka mlangoni. Aliporudi ndani aliniuliza yule mama mgeni ametoka wapi.

Siku ya mwisho ya kupimwa ini, nilimwomba yule daktari kijana faragha. Nikamweleza habari ya asubuhi zetu.

"Nipe vile vya unga," nilisema. "Mnavyo. Vinafanana kabisa, wewe mwenyewe ulisema."

Hakushtuka. Nadhani niliyekuwa naye pale alikuwa msichana wa Umoja zaidi kuliko daktari, kwa kitambo kidogo. Lakini alitikisa kichwa. "Siwezi, mama. Kwenye utafiti watu walijua huenda wanapewa unga, wakakubali. Yeye hajui. Nikimpa sasa, nitakuwa namdanganya mgonjwa."

"Na mimi nikimwambia ukweli kila siku namfanya nini?"

Aliangalia mikono yake. "Sijui," alisema. "Sikufundishwa hilo."

Mtaani kwetu yuko muuza dawa za mitishamba anayesaga mlonge na kuutia kwenye kapsuli. Nilimwomba maganda matupu, yale yanayoonyesha ndani. Nyumbani nilikaa mezani mume wangu akiwa amelala usingizi wa mchana, nikayajaza unga wa wimbi, kwa sababu rangi yake ilikaribia ile ya zamani. Ni kazi ngumu kwa vidole vya uzeeni. Nilitumia mpini wa kijiko cha chai kushindilia. Nilipomaliza nikavitia kwenye chupa ya hospitali, iliyokuwa bado na jina lake.

Asubuhi yake kiganja kiliponyooka nikakiwekea kidonge. Alikitazama. Niliogopa, kwani mtu aliyetumia maisha yake kutofautisha rangi nyekundu na nyekundu anaweza kugundua kahawia isiyo yake. Akafunga macho, akameza.

"Hii ndiyo inanishikilia," alisema.

"Ndiyo, baba watoto."

Siku ile alikuwa na amani. Aliniuliza habari za watoto, akachanganya majina, akacheka. Na siku iliyofuata, na miezi iliyofuata. Jirani mmoja aliniambia mzee anaonekana ana nafuu siku hizi. Nilikubali. Na kusema kweli hata mimi, niliyeushindilia ule unga kwa mkono wangu, zilikuwako asubuhi nilipomwangalia nikaona nafuu.

Utafiti ulipokwisha walituita kwenye ukumbi wa mtaa kutupa majibu. Walikuwa wametualika hata sisi tuliotolewa mapema. Tuliketi kwenye mabenchi, wagonjwa na watunzaji wao, soda mikononi. Wengine waliokuja na fimbo mwanzoni sasa walisukumwa kwa viti vya magurudumu. Wengine walikuja watunzaji peke yao. Daktari alisimama mbele bila kipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili chepesi kwamba waliomeza majani na waliomeza unga, ukiwaweka pamoja, walisahau sawasawa. Majani hayakuzuia ugonjwa, na wachache yaliwaumiza ini. Alisema asante. Alisema bila sisi wasingejua, na kwamba kujua hivyo nako ni kitu, kwa sababu watu wanayauza majani hayo sokoni wakiahidi makubwa.

Mwanamke mmoja alisimama. "Wangu alipata nafuu," alisema. "Aliacha kukojoa kitandani. Aliniimbia."

Daktari alimwomba wakaongee pembeni, lakini yule mama alikataa. "Nambie hapa hapa. Alikuwa anameza nini?"

Daktari aliuliza mwenzake, wakatazama kwenye kompyuta. "Unga, mama."

Yule mama aliketi pole pole, akaangalia soda yake. "Lakini aliimba," alisema, si kwa daktari.

Mimi nilikuwa na langu la kuuliza, kama alfabeti nyuma ya kalenda ilitoka kwenye majani au ilitoka tu, kama siku ya jua katikati ya Julai. Sikuinua mkono. Hakuwepo mtu pale wa kunijibu. Mume wangu alinigusa begani.

"Wanasemaje?"

"Wanatushukuru."

"Kwa nini?"

"Kwa kuja."

Akaridhika. Akanyanyua soda yake kuelekea mbele, kumpongeza daktari, na daktari akamwona, akainamisha kichwa.

Niliendelea kujaza vidonge. Kisha, mwanzoni mwa baridi ya mwaka huu, chai ilikwisha na kiganja hakikunyooka. Nilingoja. Nikaichukua chupa mwenyewe, nikamwekea kidonge mkononi. Alikigeuzageuza, akakinusa, akajaribu kukitafuna kama karanga, akakitema kwenye sahani. Kesho yake nilijaribu tena, akakiacha kikaanguka sakafuni. Hakuwa na kitu tena cha kushikilia, wala hakujua kuwa alikuwa nacho. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeomba asubuhi ifike ambayo hataniuliza ile dawa. Ilipofika nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sikuweza hata kulia.

Nilimpigia wifi simu. Tulikuwa hatujasemezana tangu siku ya gunia. Nilimwambia, "Nimeshindwa kumwinua peke yangu." Sikusema neno jingine. Alikuja na basi la usiku, akafika asubuhi na begi dogo, mikono mitupu. Hatukuyazungumza yaliyopita. Alivua viatu, akakunja mikono ya gauni, akauliza maji ya moto yako wapi.

Sasa tunamwogesha pamoja. Yeye anamshika mabega, mimi napaka sabuni. Mume wangu amekuwa mwepesi, mbavu zinahesabika, na anaogopa maji. Anapiga kelele kama tunamchinja, na wakati mwingine anatupiga. Juzi alimpiga dada yake usoni, pua ikatoka damu. Wifi aliifuta kwa kiganja cha mkono, akaendelea kumshika. Tukimaliza tunamkausha, tunampaka mafuta, tunamvalisha sweta, tunamketisha nje juani. Anatuita sisi wote wawili mama. Leo amekunywa nusu kikombe cha uji, na kilichobaki amekitema. Wifi anafua shuka. Nikimaliza kuandika haya nitakwenda kumsaidia kukamua, kwani shuka zikilowa ni nzito kwa mtu mmoja.